Pesa Mpya Kionga

Ukitaka kumjua Anli wa Kionga, usihangaike kuuliza nyumba yake ilipo. Kaa ulipo, ngoja. Atasikika mwenyewe, kwanza kwa mbali upande wa minazini, halafu karibu, halafu karibu zaidi mpaka utamani kuziba masikio. "Jamani ee! Mbuzi wa Bi Rachida, jike, mwekundu, sikio moja limekatika, amepotea tangu jana!" Huyo ndiye. Mtu akifa, ndiye anayepita kuita watu wa kuzika. Chanjo ya watoto, chanjo ya kuku, mkutano wa posto ya serikali, harusi, ng'ombe aliyechinjwa: kila jambo la Kionga lazima lipite kooni mwake kwanza ndipo watu waliamini.

Sauti hiyo hakufundishwa na mtu. Tangu mdogo mama yake alikuwa akimsimamisha uani amwite baba yake aliyekuwa shambani ng'ambo ya kijito, na baba mtu alikuwa akirudi mbio akidhani nyumba inaungua. Alipokua, watu wa posto wakampa megafoni. Wapo waliosema huo ulikuwa ubadhirifu.

Fahari yake ilikuwa moja: hajawahi kutangaza uongo. Akisema mbuzi amepotea, basi mbuzi amepotea kweli. Na kwa kuwa alijiona si mwongo, hakuona vibaya kusema maneno ya kila mtu. Wakati wa kampeni, asubuhi alipita na kofia ya chama cha zamani akitangaza kwamba chama cha zamani ndicho baba wa nchi. Alasiri alipita na kofia ya chama kipya akitangaza kwamba chama cha zamani kimechoka, kikapumzike. Alichobadilisha ni kofia tu. Mtu mmoja akamuuliza kama haoni haya, naye akashangaa kwa dhati kabisa.

"Mimi si nimesema 'chama kipya kinasema'? Haya, kinasema au hakisemi?"

Kwa watu wengine hilo lilikuwa la kuchekesha. Kwa mkewe halikuwa.

Rehema ni mwanamke mfupi, mwepesi wa mkono na mdomo, aliyesoma mjini Palma mpaka akaweza kusoma barua ya Kireno bila kusogeza midomo. Akishika jambo, amelishika. Chama kipya alikishika hivyo hivyo: alikipikia, alikichezea ngoma, na kapulana yake, kitenge chenye nembo ya chama, aliivaa hata akienda kufukuza ndege mpungani. Kila alipomuuliza mumewe, "Na wewe, Baba Sufo, kura yako utampa nani?" Anli alimjibu, "Kura ni siri," maana hilo nalo alikuwa amelipitisha mitaani kwa megafoni.

Matokeo yakatoka. Chama cha zamani kikashinda. Rehema alikaa jikoni akifuta machozi kwa pindo la kapulana, na huko nje akamsikia mumewe anapita: "Jamani ee! Kesho sherehe ya ushindi! Wali upo!" Kwa sauti ile ile ya mbuzi wa Bi Rachida. Aliporudi nyumbani anahema, mkewe alikuwa amesimama mlangoni anamngoja.

"Miaka yote hii kumbe nimeolewa na redio," alisema. "Na redio yenyewe haina kituo."

Akamwambia kwamba hatasema naye tena mpaka siku atakapomsikia akisema lake, la moyoni mwake, si la kutumwa. Na mpunga ukishavunwa bila yeye kusikia kitu, atavuka mto Ruvuma aende kwa dada yake huko Msimbati, na asitarajiwe kurudi. Kisha akafunga nguo zake kwenye kapulana, akauweka mzigo karibu na mlango, mahali ambapo Anli asingeweza kutoka wala kuingia bila kuuruka.

Tangu siku hiyo Rehema alisema na chungu. "We chungu, mwambie mtu chakula tayari." "We chungu, mwambie mtu nguo zake zinanuka samaki." Anli naye alikijibu chungu, kwa adabu zote. Huku mpunga ukianza kugeuka rangi. Kila asubuhi alikwenda kuutazama, na nadhani ndiye mkulima pekee katika pwani yote hii aliyekuwa akiomba mpunga wake usiive.

Utasema, si angejibu tu? Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ile aliposimama peke yake na karatasi ya kura. Lakini alijua kwamba akilitoa, Rehema hatangoja hata huo mpunga.

Basi katika hali hiyo ndipo simu ikalia. Alikuwa binti anayeitwa Joaquina, kiongozi wa kikundi cha vijana waigizaji kutoka Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wetu, mwenye Kiswahili cha kuokoteza njiani.

"Tio Anli! Sábado tunakuja Kionga na peça nova! Peça mpya! Ni bure, ni ya watu wote. Ni ya maisha ya nyumbani na ya siasa. Tutangazie, faz favor. Na kila mtu aje na mkeka wake."

Sasa, kwa Kireno mchezo wa kuigiza huitwa peça, na neno hilo likitamkwa huwezi kulitofautisha na pesa yetu hii ya mfukoni. Anayejua Kireno anajua. Kireno cha Anli kilikuwa cha kusalimia na kuaga, lakini kukiri hivyo hakuwahi, na hakuona sababu ya kuanza siku ile. Alikata simu. Pesa mpya! Ya bure! Ya watu wote!

Jioni ile alisimama uani kujaribisha tangazo. "Jamani ee! Jumamosi, baada ya alasiri, uwanja wa mpira, inaletwa pesa mpya!" Jikoni mwiko ulianguka. Rehema alikuwa ameelewa papo hapo, maana bango la hao vijana alikwisha kuliona Palma, limebandikwa ukutani sokoni. Lakini kumwambia hakuweza. Aliapa kutosema naye, na Rehema si mtu wa kuapa akacheza. Akazunguka jikoni, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, mwisho akashindwa kuvumilia.

"We chungu," alisema, "mwambie mtu: peça si pesa."

Anli akasikia: pesa si pesa. Yakamgusa. Akaona mkewe katika huzuni yake ameanza kuifikiria Akhera.

"Chungu," akajibu kwa upole, "mwambie mwenyewe amesema kweli. Hata shehe husema hivyo hivyo."

Rehema akakifunika chungu kwa kishindo, akaenda kulala.

Tangazo lilipita kijiji kizima na vitongoji vyake, na lilivyopita ndivyo lilivyonenepa. Watu walikumbuka ile mara noti zilipobadilishwa, wakasema ndiyo hiyo imerudi. Kuhusu "ya nyumbani na ya siasa" walielewana bila shida: fungu moja la majumbani, fungu jingine la wanasiasa, maana hao hawakosi. Kilichowasumbua ni mkeka. Pesa na mkeka vinahusiana nini? Sadique mwenye mashine ya kusaga ndiye aliyefumbua: pesa ni nyingi mno, haitagawiwa mkononi, itamwagwa. Basi hapo hata waliokuwa na shaka wakaanza kutafuta mikeka mikubwa.

Jumamosi uwanja wa mpira ulifurika. Wazee ambao tangu tuliporudi kutoka ukimbizini hawajapita kizingiti walibebwa wakaletwa. Sadique alifunga mashine. Bi Rachida alikuja na mkeka na gunia la mchele, tupu, amelifua. Rehema naye alikuja, akakaa mbali na mumewe, ametulia kabisa, na ungemtazama usoni ungesema ameshiba. Joaquina alipouona umati ule machozi yalimlengalenga. Alisema Pemba kwenyewe hawajawahi kupata watu namna hiyo, na kwamba hakujua kama Kionga wanapenda sanaa kiasi hicho.

Mchezo ukaanza. Kijana anayeitwa Hamido aliigiza mume, ametia mto tumboni, na binti Luzia kutoka Mueda aliigiza mke. Watu wakatazama kwa subira. Kila wakubwa wanapoleta kitu Kionga, hutangulia kwanza ngoma na hotuba, basi walidhani hii ndiyo ngoma. Mume katika mchezo alikuwa mtu wa chama hiki na mke wa chama kile. Mume akaikuta kofia ya chama chake inatumika kuepulia sufuria. Mke akaikuta kapulana ya chama chake imefungwa kiunoni mwa mbuzi. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi mengi kupita kiasi ili mambo yaende mbele. Anli hakucheka. Alikuwa akiangaza macho huku na huku. Hakuwa ameona mfuko, wala sanduku, wala askari wa kulinda chochote, na kila Hamido alipopayuka yeye aliona kama anapayukiwa yeye.

Luzia akasimama katikati ya uwanja, akashika kiuno. "Mume wangu, leo utaniambia. Kura yako ulimpa nani?"

Hamido akafungua mdomo, na hapo Joaquina akapiga filimbi, akawasimamisha wote. Ndivyo michezo yao hawa vijana ilivyo: ikifika penye utata huikata, wakawaachia watazamaji wapande kuimalizia wenyewe. Akageuka kwa umati, akanyoosha mikono yote miwili, akasema kwa furaha:

"Sasa peça ni yenu!"

Mungu ashukuriwe kwamba hakufa mtu. Uwanja mzima uliinuka kwa pamoja. Mikeka ilikunjuliwa juu ya mikeka mingine, Bi Rachida alifika mbele na gunia lake limefunguliwa mdomo kabla vijana hawajafika, na Hamido alivuliwa mto wa tumboni, ukapasuliwa, ikatoka pamba. "Iko wapi?" watu walipiga kelele. "Itoeni! Si mmesema ni yetu?" Joaquina akawaeleza kwamba ndiyo hiyo, peça ndiyo hiyo waliyoitazama. Sadique, ambaye Kireno anakijua kidogo, alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akalirudia neno mara mbili tatu, akalionja. Kisha akageuka taratibu kutafuta mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea nyuma ya goli.

"Mwongo!" akasema Sadique.

Neno hilo Anli hakuwahi kuitwa maishani mwake. Lilimsimamisha pale pale, nguzo ya goli mgongoni. Walimkamata kwa mikono na kanzu, wakamleta mbele akiwa nusu anatembea nusu amebebwa, na Joaquina, asiyejua linaloendelea, akaona amepata bahati ya mwaka.

"Mzuri! Tio Anli atachukua nafasi ya mume!" akasema, akampisha katikati.

Luzia hakuwa na la kufanya ila kurudia kuuliza. "Mume wangu, kura yako ulimpa nani?"

"Kura ni siri," akasema Anli.

Watu wakazomea. Na katika zile zomeazomea akainuka mtu kwenye mikeka ya wanawake, akajifunga kapulana vizuri, akaja mpaka mbele.

"Mwanangu, umejitahidi," Rehema alimwambia Luzia, "lakini huyu humwezi. Nipishe."

Luzia akapisha. Rehema akasimama alipokuwa amesimama yeye, akamtazama mumewe usoni, jambo ambalo hakulifanya tangu uchaguzi.

"Anli," alisema.

Hakusema Baba Sufo. Watu wakageukiana, maana kwetu mwanamke kumwita mumewe kwa jina lake mbele za watu si jambo la kila siku. "Anli, mimi ni mke katika mchezo, kwa hiyo kiapo changu hakijavunjika. Nakuuliza. Kura yako ulimpa nani?"

Anli aliitafuta megafoni yake kwa macho. Bi Rachida alikuwa ameikalia.

"Nilikipa chama cha zamani," alisema, na sauti ilitoka ndogo, ya mtu wa kawaida.

"Hatusikii!" wakapiga kelele wa nyuma.

Ikabidi alirudie. Kati ya watu wote, Anli, kuambiwa hasikiki! Akavuta pumzi, akalitoa kama anavyotoa la mbuzi: "Nilikipa chama cha zamani!" Wa chama cha zamani wakapiga makofi, wa chama kipya wakazomea, na Rehema hakutikisika.

"Kwa sababu wanakulipa?"

"Hata nyie mlinilipa."

"Basi kwa nini?"

"Kwa woga," akasema Anli. Na alipokwisha kulisema hilo, mengine yakamtoka yenyewe. "Mama Sufo, kila kipya kilichofika hapa nimekitangaza mimi. Kisima kipya nilikitangaza mimi, leo ukikipampu kinatoa upepo. Kazi mpya za Palma nilizitangaza mimi, vijana wakaenda na suruali zimepigwa pasi, wakarudi nazo zimepigwa pasi vilevile. Halafu vita vikaja, tukavuka mto na chungu kichwani. Tuliporudi nikaambiwa nitangaze amani, nikaitangaza, na siku ile nililala na viatu miguuni, nawe uliniona. Sijaona kipya kilichokaa. Nilipopewa karatasi ile, mkono ulikwenda kwenye nilichokizoea, na ubaya wake naujua. Hilo ndilo langu. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaondoka, na mimi bila wewe siwezi."

Hakuna aliyecheka. Ni Sadique tu, ambaye hakumaliza hasira zake, aliyeuliza, "Na pesa mpya je?"

"Hiyo nayo niliitangaza mimi," akasema Anli. "Nilisikia vibaya. Kireno sikijui."

Hili la mwisho lilimuuma kuliko la kura, lakini ndilo lililowavunja watu mbavu. Walicheka mpaka Bi Rachida akajifunika gunia usoni. Rehema peke yake hakucheka. Macho yalimng'aa, mikono ikapanda kiunoni.

"Kisima hicho nani alikichimba?" akauliza. "Si chama chako cha zamani? Halafu unakipa kura kwa kuwa kisima chake kimekauka?"

"Kilichooza nakijua harufu yake!"

"Basi kila siku utakula kilichooza!"

"Na hicho chenu mmekionja lini mkajua ni kitamu?"

Wakakamatana hivyo, hoja kwa hoja. Joaquina aliwashukuru, "obrigada, Tio, obrigada, mama," mara kadhaa, akaona hakuna anayemsikia, akaenda kukaa mkekani na wenzake, wakatazama. Uwanja uligawanyika pande mbili. Wanawake walimtupia Rehema maneno ya kuongeza, wazee walimtupia Anli, na wachache walihama upande kisha wakarudi. Pesa hakuiulizia mtu tena. Adhana ya magharibi ndiyo iliyofunga mchezo, maana hiyo tu ndiyo inayomnyamazisha Anli.

Baada ya sala walirudi nyumbani kwa miguu, Rehema mbele, Anli nyuma, na Rehema hakuacha kusema hatua hata moja. Alisema ya kisima, ya shule isiyo na paa, ya barabara.

"Halafu ile pesa yako," aliongeza. "Nilikwambia peça si pesa."

"Ulikiambia chungu."

"Chungu kilielewa."

Walipita kando ya shamba lao. Mpunga ulikuwa umeinama, wa kukatwa wiki ile ile, wala hapakuwa na namna ya kujifanya hujauona. Anli alisimama. Akaona afadhali aulize yeye kuliko kungoja aambiwe.

"Mpunga umeiva, Mama Sufo. Msimbati utakwenda lini?"

"Msimbati?" Rehema aligeuka kwa ghadhabu. "Niende Msimbati nikuache hapa na fikra mbovu kama hizo? Siendi popote mpaka nikubadilishe!"

Akashika tena njia, akaanza upya, tangu kwenye kisima. Anli alimfuata akimsikiliza vizuri sana. Aliona hoja zake ni nzuri, na mbili tatu aliona ni za kweli kabisa, akaapa moyoni kwamba hatabadilika mpaka kufa kwake.